Matembezi mepesi kandokando ya La Bourboule

La Bourboule ni mji mdogo uliojikunja bondeni, kiasi cha mita 850 juu ya usawa wa bahari, katika eneo la Auvergne katikati ya Ufaransa. Mto Dordogne unaupasua mji huo ukiwa bado karibu na chanzo chake, mwembamba kiasi kwamba mtoto mtundu anaweza kuuvuka kwa kurukia mawe. Sifa ya mji haikutokana na mandhari yake. Mwaka 1854 mkemia Thénard aligundua kwamba maji moto ya pale yana arseniki, ile ile tunayoijua kama sumu, na madaktari wa zama hizo wakashika kwamba kwa kipimo kidogo yanawafaa wenye pumu na maradhi ya ngozi. Kijiji kikapata hoteli, kasino na nyumba kubwa ya tiba yenye makuba, na mpaka leo watu hufika wakiwa na cheti cha daktari mkononi.

Aliyenifikisha huko ni mdogo wangu wa kike, ambaye anafanya kazi Clermont-Ferrand na ambaye kifua chake kimemsumbua tangu tulipokuwa watoto Kasese, magharibi mwa Uganda. Utaratibu wa tiba hiyo unastahili kuelezwa, kwa kuwa bila kuuelewa mtu hawezi kuelewa kwa nini matembezi ya pale yako kama yalivyo. Daktari humwandikia mgonjwa, bima ya afya ya taifa hubeba sehemu kubwa ya gharama za matibabu, na mgonjwa hukaa mjini majuma matatu ili apate siku 18 za tiba: kuvuta mvuke, kusukutua koo, kusafisha pua, kuoga. Mdogo wangu alikuwa akimaliza hayo yote kabla ya saa sita mchana, na wenzake wengi vilevile. Kwa hiyo kila alasiri mji unajaa watu wasio na shughuli yoyote, wengi wao wazee au wazazi wenye watoto, ambao wameshauriwa watembee lakini wasijichoshe. Ukizitazama njia zinazouzunguka mji, utaona kwamba aliyezipanga alikuwa akimfikiria mtu wa aina hiyo: mtu mwenye pumzi fupi, ambaye anataka kujua tangu mwanzo ni umbali gani, mwinuko uko wapi na atakaa wapi akichoka.

Tulianza na ile rahisi kuliko zote, yaani kuufuata mto. Ndani ya mji kuna bustani kubwa inayoitwa Parc Fenêstre, yenye miti ya sekuoia iliyotoka Amerika na ambayo watu wanne wakishikana mikono ndipo pengine wataweza kuikumbatia, na kutoka hapo mtu anaweza kwenda taratibu akiwa na sauti ya maji sikioni. Ukiendelea kupanda na bonde kwa kilomita saba hivi utafika Le Mont-Dore, mji mwingine wa maji moto, ambako Warumi nao waliwahi kujenga mabafu. Sisi hatukuwa na haraka ya kufika. Niliona ajabu kutembea kando ya mto wa mlimani bila wasiwasi, kwa sababu mimi nimekua karibu na Nyamwamba, mto ambao mwezi wa Mei 2013 ulishuka na mawe makubwa ukabomoa madaraja na nyumba za Kilembe, mji wetu wa mgodi wa shaba, kisha mwaka 2020 ukarudia. Mtu wa Kilembe akisikia maji yanaunguruma huangalia juu mlimani kwanza, na mazoea hayo sikuweza kuyaacha, jambo lililomchekesha sana mdogo wangu.

Sasa niseme kuhusu alama, maana ndizo zilizonivutia kuliko maporomoko na vilele. Ufaransa ina mtandao wa njia za miguu ambao alama zake zilianza kuwekwa kwa mpango wa kitaifa mwaka 1947, na leo ukishajua rangi chache unaweza kutembea nchi nzima. Mstari wa njano ni matembezi mafupi ya mahali hapo, ambayo mtu huyamaliza kwa saa chache na mara nyingi humrudisha alikoanzia. Mistari miwili, mweupe juu na mwekundu chini, ni njia ndefu zinazovuka mikoa. Mstari ukiwa umepindishwa pembeni, maana yake ni kwamba kona inakuja. Mistari ikiwa imepishana kama mkasi, umekosea, rudi. Alama hizo hupakwa juu ya shina la mti, jiwe, nguzo ya umeme au ukuta wa zizi, na huwa ndogo, hazizidi urefu wa kiganja. Siku moja nilisimama kuchunguza moja iliyokuwa juu ya jiwe karibu na kijito. Rangi mpya ilikuwa imepakwa juu ya rangi ya zamani, na chini yake kulikuwa na tabaka nyingine iliyobanduka kwa baridi, kwa hiyo ilionekana wazi kwamba kuna mtu anayepita pale na kopo na brashi kila baada ya muda. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanywa na watu wa kujitolea wa vyama vya watembeaji. Hakuna mlinzi wala tiketi, wala kijana anayekufuata akitaka kuwa kiongozi wa msafara wako.

Njia ya njano iendayo kwenye maporomoko ya Vernière na yale ya Plat à Barbe hupita msituni, kwenye kivuli cha misonobari na miti mingine ya majani mapana, na ardhi yake ni laini kwa majani yaliyooza. Maporomoko yenyewe ni ya kiasi tu, na mtu aliyekwisha kuona Murchison au Sipi hatapaza sauti. Msitu, hata hivyo, ulimfaa mgonjwa wangu, kwa kuwa mwinuko wake ni wa polepole na mabenchi yamewekwa mahali ambapo pumzi huanza kukata.

Kilima cha Roche Vendeix ni jambo jingine. Ni jabali la zamani la volkano lenye nguzo za mawe meusi, na hapo juu, wakati wa Vita vya Miaka Mia kati ya Ufaransa na Uingereza, palikuwa na ngome ya jambazi mmoja aliyeitwa Mérigot Marchès, ambaye alikuwa akiwanyang'anya wasafiri na wakulima wa eneo zima hadi alipokamatwa na kuuawa Paris mwaka 1391. Ngome imekwisha, limebaki jabali. Kupanda kwake ni kufupi lakini kuna sehemu ya kushikilia mawe, kwa hiyo mdogo wangu alibaki chini na kitabu chake nami nikaenda peke yangu. Kutoka juu mtu huona bonde zima na, upande wa kusini-mashariki, safu ya Sancy, ambayo kilele chake cha mita 1,885 ndicho kirefu kuliko vyote katikati ya Ufaransa. Mwenyeji mmoja tuliyekutana naye alikitaja kwa fahari kubwa. Nilimwitikia kwa heshima, ingawa moyoni nilikumbuka kwamba sisi Kasese tunanywa chai ya asubuhi chini ya Rwenzori, mlima wa mita 5,109.

Sancy ni volkano iliyokwisha kuzimika zamani, na moto uliobaki chini ya ardhi ndio unaoyapasha maji ya miji hii. Mtu wa kwetu haoni shida kulielewa hilo, kwa sababu amezoea mashimo ya volkano ya Katwe na njia nzima hadi Fort Portal.

Juu ya mstari wa misitu, huko uwandani Charlannes na kwingineko, ndiko nilikotaka kurudi kila siku. Kule ni malisho matupu, upepo, na ng'ombe. Kuna aina inayoitwa Salers, nyekundu iliyokolea, manyoya yamejikunja kidogo, na pembe zake hutoka pembeni kisha zikapanda juu kwa mzunguko mzuri. Si pembe za Ankole, nisiwadanganye wasomaji wangu wa Mbarara, lakini ni pembe ambazo mfugaji wa Ankole angesimama kuzitazama bila kuona haya. Mchungaji mmoja alimweleza mdogo wangu, naye akanitafsiria, kwamba ng'ombe wa Salers hashushi maziwa ndama wake asipokuwa karibu. Ndama huletwa kwanza anyonye kidogo, kisha hufungwa kando ya mama yake wakati wa kukamua. Nilimwambia kwamba wazee wetu walifanya hivyo hivyo. Alinitazama kwa makini kuliko alivyonitazama mwanzo, akauliza ng'ombe wetu wanatoa lita ngapi, na tangu hapo mazungumzo hayakuwa ya mtalii na mwenyeji tena.

Njia hukatiza malisho hayo katikati, na hapo ndipo ustaarabu wa watu wa pale unapoonekana. Ukikuta lango, unalifungua na kulifunga nyuma yako. Ukikuta uzio wa waya wenye umeme, utaona pahali penye mpini wa plastiki wa kushikia, unaufungua, unapita, unaurudisha. Mfugaji amekubali watu wapite, na wanaopita wamekubali kutogusa kitu wala kuachia mbwa wao. Katikati ya nyasi husimama mmea mrefu wa maua ya njano uitwao gentiana, ambao ng'ombe huuacha kwa sababu ya uchungu wake, na mizizi yake wenyeji huichimba na kutengenezea kinywaji chungu cha kuamsha hamu ya kula. Nilikionja. Mwarobaini ni mtamu ukilinganisha.

Niliporudi Kasese nilijaribu kuendelea na mtindo huo wa kutembea alasiri, na mzee jirani yangu, mstaafu wa mgodi, aliniita kutoka barazani kwake: "Mwalimu, boda zimekwisha mjini?" Nilimweleza kwamba natembea tu, Mzee, kwa afya. Akanijibu kwamba afya ya kutembea aliimaliza Kilembe. Sina hoja ya kumpinga, kwa kuwa kwa watu wengi wa kwetu kutembea ni kazi, na anayetembea bila mzigo hudhaniwa amefilisika au ana neno. Hata hivyo nimekuwa nikifikiria Kitagata, huko Sheema, ambako watu kutoka pande zote hujilaza kwenye maji moto wakitafuta nafuu ya viungo na mgongo, wengine kwa siku kadhaa mfululizo. Wakitoka majini wanakaa. Vilima vya pale vina vijia vingi vya kwenda shambani na kisimani, vyenye kivuli cha migomba, na mwinuko wake si mkali kuliko ule wa La Bourboule. Kinachokosekana ni makubaliano na wenye mashamba, alama chache za rangi, na viti viwili vitatu vya mbao. Halmashauri inaweza kulifanya hilo bila kusubiri mfadhili, na nadhani lingewafaa wagonjwa kuliko hoteli ya ghorofa ambayo kila mwanasiasa huiahidi.

Kwa msomaji mwenye ndugu upande ule wa Ufaransa na anayepanga kwenda, mwezi wa Juni na ule wa Septemba ndiyo mizuri. Julai na Agosti mji hujaa familia, na majira ya baridi theluji hufunika vijia vya juu. Mwezi wa Juni jua huchwa yapata saa tatu na nusu usiku, jambo ambalo sisi wa ikweta hulisikia tu, na linampa mtu nafasi ya kutoka hata baada ya chakula cha jioni. Mawingu hushuka ghafla huko juu, kwa hiyo koti la mvua libebwe hata kukiwa na jua. Asiyeweza kupanda aende Le Mont-Dore apande treni ndogo ya kamba iliyoanza kazi mwaka 1898. Itampeleka hadi kwenye uwazi wa msituni ambako njia za tambarare zinaanzia, na itamrudisha. Mwenye magoti mabovu aanze na mto, upande wenye kivuli, akiwa na mkate na kipande cha jibini la Saint-Nectaire mfukoni, na asikubali kuharakishwa na mtu.