The Great Silence: kopi ya tatu imetua, bango limenitia hasara

Haya wakuu, mliouliza mradi wangu wa kukusanya kopi tofauti za filamu ya The Great Silence umefikia wapi. Kopi ya tatu imefika jana, mama watoto kaniangalia akasema "si filamu ni ileile?" Siyo ileile bana, hapo ndo utamu wote ulipo.

Kwa msioijua, ni kauboi ya Kiitaliano ya 1968 ya Sergio Corbucci, ila sahau vumbi na jua kali, humu ni theluji mwanzo mwisho, farasi wanahangaika kunyanyua miguu. Waliipiga milimani Cortina d'Ampezzo wakajifanya ni Utah, halafu kuna sini za mjini zilizopigwa karibu na Roma theluji yake ni povu la kunyolea ndevu, ukishajua hilo macho hayatulii tena. Stering, Jean-Louis Trintignant, ni bubu, na bastola yake ni Mauser C96, siyo zile za kuzungusha tulizozoea. Muziki ni wa Ennio Morricone, yule mtunzi gwiji wa muziki wa filamu, hapo sina la kuongeza.

Sasa kopi. Kwenye ya Kiitaliano adui, yule Klaus Kinski, anaitwa Tigrero, kwenye ya Kiingereza kageuka Loco. Na mwisho wenyewe ni mchungu, mnaojua mnajua, ila walipiga na mwingine wa kuchekea, sherifu anaibuka na farasi anaokoa jahazi, bandeji ya mkono wa stering kumbe imeficha glovu ya chuma. Huo ndo nilikuwa nautafuta, nimeuona jana saa sita usiku, hauna sauti kabisa, midomo inacheza, bunduki zinalipuka kimyaaa, nikajikuta nacheka peke yangu sebuleni. Kwa filamu ya bubu naona imekaa poa kuliko ingekuwa na sauti.

Hasara sasa. Bango la Kijerumani la filamu hiihii, kule inaitwa Leichen pflastern seinen Weg, muuzaji kaniandikia "hali nzuri", kufungua nyuma mikunjo yote imepigwa selotepu imeshakuwa njano. Nikajaribu kubandua kona moja kwa hewa moto ya drai ya nywele, ikatoka na karatasi, kipande kama ukucha wa kidole gumba. Nikaacha hapohapo.

Saa hizi liko chini ya godoro linajinyoosha. Wiki ijayo naanza fremu, mwenye fundi wa vioo Kariakoo asiyepiga bei ya kukomoa anistue.