Unafulia sare ya kazi nyumbani? Dai kodi yako

Ndugu mnaofanya kazi za hospitali na nyumba za wazee Uingereza, sare mnayoifua wenyewe ina nafuu ya kodi, na wengi wanaiacha bure.

Kiwango cha kawaida ni pauni 60 kwa mwaka. Wauguzi, wakunga, wasaidizi wa wauguzi na wabeba wagonjwa wana pauni 125. Wahudumu wa ambulansi 185. Hapa ndipo watu hukosea: hulipwi hizo 125. Unarudishiwa kodi iliyokatwa juu yake, yaani asilimia 20 kwa walio wengi, pauni 25. Ila unaruhusiwa kudai mwaka huu na minne iliyopita, kwa hiyo pauni 25 mara miaka mitano, jumla inafika pauni 125. Mwaka wa kodi huisha tarehe 5 Aprili, na kila tarehe hiyo ikipita, mwaka mmoja wa nyuma unapotea kabisa.

Sare iwe ya kutambulika, kama yenye nembo ya mwajiri. Suruali nyeusi ya kawaida haihesabiki. Mwajiri akikurudishia gharama, au akiwa na dobi kazini nawe ukachagua kufulia nyumbani, huna dai. Hukukatwa kodi? Hakuna cha kurudishiwa.

Omba HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, moja kwa moja, ni bure. Tafadhali msiwape mawakala kazi hiyo. Wanakula sehemu ya pesa ambayo tayari ni ndogo. Dai likikubaliwa, namba ya kodi kwenye hati ya mshahara hubadilika, mfano 1257L kuwa 1269L.