Plagini ya mwangwi wa mawe: kumbukumbu ya mradi, siku ya 1 hadi ya 31

Siku ya 1

Chanzo ni kwaya. Mwezi uliopita niliwarekodi wanakwaya wa mtaani kwetu hapa Igogo, Mwanza, nyimbo nne, kwenye chumba changu chenye magodoro ukutani. Sauti zilitoka safi ila kavu kama dagaa wa juzi, nikaziwekea mwangwi uliokuja na programu, ule unaoigiza kanisa kubwa la Ulaya. Mwalimu wa kwaya akasikiliza mpaka mwisho, akavua hedifoni, akaniuliza, "Dogo, hapa tumeimbia wapi?"

Sikuwa na jibu. Wao hufanya mazoezi nje, jioni, chini ya mawe yaliyopandana juu ya nyumba. Ukiita pale, mlima unakurudishia. Basi mwangwi ninaoutaka ni ule, na nitautengeneza mwenyewe kama plagini, yaani kiprogramu kidogo kinachochomekwa ndani ya programu ya kurekodia.

Lugha ya programu niliyochagua ni Faust. C++, lugha nyingine ya programu, niliijaribu mwaka juzi nikakwama kabla hata mlio mmoja haujatoka. Faust ilianza mwaka 2002 kwenye kituo cha muziki cha GRAME, mjini Lyon, Ufaransa, kwa kazi ya akina Yann Orlarey, na haijui kitu kingine zaidi ya sauti. Humo huandiki fanya hiki, kisha fanya kile. Unaunganisha nyaya, kama fundi mitambo wa kanisani anavyochomeka maiki kwenye mikisa. Nukta mbili ni waya kutoka kifaa hiki kwenda kile. Mkato unaweka vifaa viwili sambamba. Alama ya ~ inachukua sauti inayotoka na kuirudisha mlangoni. Ukimaliza, kompaila (mtafsiri wa lugha hiyo) inayageuza yote kuwa C++, na amri ya faust2lv2 inakupa plagini ya aina ya LV2, ambayo Ardour, programu ya kurekodia, inaifungua. Hapa mjini tunaoitumia nadhani tunaenea kwenye bajaji moja.

Siku ya 2

Kupima. Nilianza kijinga: nikaenda Bismarck Rock kwa kuwa ndilo jiwe la kwenye kila picha ya Mwanza. Nikapiga makofi mara kumi, watu wa kivuko cha Kamanga wakinitazama. Nilichopata ni honi za bodaboda. Jiwe lile limesimama majini peke yake, na sauti nzito inalizunguka na kwenda zake.

Jioni nikarudi Igogo na vipande viwili vya mbao, simu ikirekodi sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani ikiipima sauti mara 48,000 kila sekunde. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, ilionekana vizuri: kofi, kimya, halafu kichuguu kidogo cha mawimbi, kilele chake mwanzoni kabisa, sekunde 0.31 baada ya kofi. Joto lilikuwa nyuzi 27, kwa hiyo sauti ilikuwa inakimbia kama mita 347 kwa sekunde. (Kuna aliyeniambia nipunguze kwa sababu Mwanza tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hapana. Kinachobadilisha kasi ni joto.) Kwenda na kurudi ni mita 107 na ushee, maana yake jiwe liko mita 54 kutoka niliposimama. Kwa hesabu ya sampuli ni 14,880.

Siku ya 3

Plagini nzima:

`process = + ~ (@(14879) : *(0.6));`

Ndiyo, mstari mmoja: @ inachelewesha sauti, * inaizidisha, + inajumlisha mpya na iliyorudi. Nimeandika 14879 na siyo 14880 kwa sababu ~ yenyewe inachelewesha sampuli moja, na hilo lilinigharimu chai mbili kulielewa. Ile 0.6 inasema kila sauti inaporudi, irudi na asilimia 60 ya kimo cha mawimbi yake. Ukiweka 1 haiishi. Ukipita 1 inakua mpaka spika zipige yowe. Nilijaribu 1.02 kwa makusudi, nione. Jirani akagonga ukuta.

Siku ya 5

Nimefungua wimbo wa zamani uliorekodiwa kwa sampuli 44,100, nikahisi mwangwi umechelewa. Ni kweli: sampuli zilezile 14,880 huku ni sekunde 0.337. Kwa lugha ya mtaani, jiwe limesogea karibu mita tano kuelekea mlimani. Namba nimeiondoa. Sasa plagini inauliza kwanza ma.SR, yaani kasi ya sampuli ya wimbo wenyewe, ndipo inapiga hesabu.

Siku ya 9 mpaka ya 12

Hii ndiyo iliyonitoa jasho. Nina kiprogramu changu cha majaribio, nimekizungushia ile C++ inayotolewa na Faust. Wimbo ukiwa unapigwa, kompyuta shwari. Wimbo ukiisha, unapita ukimya wa karibu dakika nzima, halafu feni inaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga. Nikianzisha wimbo mwingine, sauti inakatikakatika. Kompyuta inachoshwa na kimya!

Usiku wa kwanza nililaumu laptopu, ambayo ni ya mtumba na imezoea kulaumiwa. Usiku wa pili umeme ulikatika saa tatu. Usiku wa tatu nikachukua kalamu. 0.6 mara 0.6 mara 0.6, endelea hivyo, hufiki sifuri kamwe. Baada ya mizunguko kama 170, na kila mmoja ni sekunde 0.31, sauti inakuwa ndogo kuliko 1 iliyogawanywa kwa 1 yenye sifuri 38 nyuma yake. Hakuna sikio litakaloisikia, ila kompyuta bado inaihesabu, na huko chini kabisa namba za biti 32 zinaishiwa nafasi. Prosesa nyingi zikikutana nazo zinaacha barabara kuu na kupita uchochoroni. Mbaya zaidi, ile ndogo kuliko zote ukiizidisha kwa 0.6, jibu linakadiriwa juu na kuwa yenyewe tena. Imeingia, haitoki. Na mimi kiprogramu changu kinadai sampuli 256 kila milisekunde 5.3, pasipo udhuru.

Dawa yake ni kuiambia kompaila itumie chaguo la -ftz 1: ikifika huko, ihesabiwe sifuri. Feni imenyamaza. Nililala nikijiona fundi.

Siku ya 14

Nimemwita mwalimu. Shikamoo, marahaba, hedifoni. Akasikiliza wimbo wa pili wote akiwa amefumba macho.

"Ni kizuri," akasema. "Lakini dogo, yale mawe umeyafundisha lini kuitikia mara tano?"

Nikaanza kumweleza habari za 0.6. Akanikatiza kwa upole. "Pale juu ukiita, unajibiwa mara moja. Ukisikia mara ya pili, ujue kuna mtu."

Nilitamani sakafu inimeze. Ili mwangwi ujirudie unahitaji kuta mbili zinazotazamana, sauti iwe inarushwa huku na huku. Pale kwaya inaposimama kuna mawe upande mmoja, na upande wa pili ni Ziwa Victoria, wazi. Sauti ikienda huko imekwenda. Kwa hiyo ile ~ niliyoifurahia tangu siku ya 3 haikutakiwa kuwepo kabisa, na tatizo nililolikeshea siku tatu lilikuwa ndani ya waya usiotakiwa. Nimeufuta. Sikuufuta kwa furaha.

Siku ya 16 mpaka ya 22

Bila ~ mwangwi unajibu mara moja, sawa, ila unasikika kama mtu anayeongea kwa simu kutoka chumba cha pili. Umenyooka mno. Nikarudi kwenye rekodi ya siku ya 2, na hapo nikakiona nilichokipuuza: kile kichuguu. Nilikuwa nimechukua kilele tu, wakati kichuguu kizima kina upana wa milisekunde 35. Mlima wetu si ukuta. Ni lundo la mawe, moja mbele, lingine nyuma yake mita kadhaa, na kila moja linajibu kwa zamu yake.

Nikaweka majibu saba. Kwa Faust hili ni tamu: <: inagawa sauti kwenye nyaya saba, par inazipanga, :> inazikusanya. Kwa uvivu nikayaachanisha sawasawa, milisekunde tano tano. Kosa! Vitu vinavyojirudia kila milisekunde tano vinatengeneza noti ya mzunguko 200 kwa sekunde, na kwaya nzima ikawa inaimbia ndani ya bomba la maji. Nikarudi kupima kichuguu kidole kwa kidole: 310, 313, 319, 322, 331, 338, 345. Hazina mpangilio, na bomba limepotea. (Kwa atakayefuata njia hii: par inaanza kuhesabu na 0, ba.take, inayochukua namba kutoka kwenye orodha, inaanza na 1. Jioni yangu moja iko hapo.)

Nimeongeza pia kichujio cha kukata sauti kali kuanzia hertzi 4,000. Hiyo sikuipima, nimefuata sikio.

Siku ya 31

Plagini sasa ina slaida moja, kitufe cha kusogeza kwa kipanya, imeandikwa "Umbali wa jiwe", kwa mita. Sitaki mtu wa kwaya asome milisekunde.

Mwalimu amekuja tena, safari hii na mama mmoja wa sauti ya pili. Kwenye 54, umbali halisi, wote wawili wakatikisa kichwa kukubali. Kisha mwalimu akaishika kipanya mwenyewe. Akapeleka 80, akacheka. Akarudisha 30. Akasogezasogeza, mama akisema "hapo, hapo, rudi kidogo", mpaka wakatulia.

"Weka arobaini," akasema.

"Mwalimu, jiwe liko hamsini na nne. Nimelipima."

"Najua. Weka arobaini."

Nimeweka arobaini. Ila slaida ikisogezwa wimbo ukiwa unapigwa, sauti inakwaruza kila hatua, tak, tak, kwa sababu majibu yote saba yanaruka ghafla kwenda sehemu mpya. Kuna de.sdelay kwenye maktaba ya Faust, inayofifisha ya zamani huku ikiingiza mpya taratibu. Nitaijaribu Jumamosi, umeme ukiwepo.