Filamu za Hali Halisi Ninazopendekeza, na Kipimo Ninachozichagulia

Wenzangu wa chumba cha walimu hapa Fort Portal wameniuliza mara nyingi ni filamu gani za hali halisi zinazofaa kutazamwa kwenye huduma za mtandaoni, nami nimekuwa nikiwajibu vipande vipande, jina moja leo na jingine wiki ijayo. Nimeona heri niandike jibu moja lililokamilika. Nianze na kipimo changu, kwa sababu orodha isiyo na kipimo haimfai mtu: kabla ya kuuliza filamu inahusu nini, mimi huuliza aliyeshika kamera alikaa na watu wake kwa muda gani. Tuzo, majina makubwa na picha zilizopigwa kutoka angani havinishawishi sana. Aliyekaa miaka mitano mahali pamoja huona mambo ambayo mgeni wa wiki mbili hawezi kuyaona, na sisi wa Uganda, ambao tumepigwa picha na wageni wengi wa wiki mbili, tuna kila sababu ya kulijali jambo hilo.

Ya kwanza ni ya jirani kabisa. Chimp Empire, mfululizo wa sehemu nne ulioongozwa na James Reed na kutoka Netflix mwaka 2023, ulipigwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale, mwendo mfupi tu kutoka mjini kwetu, mahali panapoitwa Ngogo. Sokwe wa Ngogo walikuwa kundi kubwa kuliko makundi yote ya sokwe yanayojulikana duniani, kisha wakagawanyika pande mbili, na pande hizo sasa hulinda mipaka yao na kuuana. Kamera isingeweza kuwakaribia hivyo kama watafiti, pamoja na wafuatiliaji wa Kiganda ambao majina yao hayatajwi sana, wasingekuwa wamewazoesha sokwe hao kukaribiwa na watu tangu miaka ya 1990. Sauti ya msimulizi, Mahershala Ali, ni nzuri, lakini maneno aliyopewa yanapenda mno habari za wafalme na viti vya enzi, kana kwamba sokwe wamesoma historia ya Ulaya. Ukilivumilia hilo utaona mambo ya ajabu: jinsi rafiki anavyomgusa rafiki baada ya vita, na jinsi mnyama mwenye cheo anavyoogopa kukipoteza. Nawajua wenyeji wengi wa mji huu ambao hawajawahi kumwona sokwe hata mmoja, ingawa magari ya watalii hupita mbele ya nyumba zao kila asubuhi.

Reed huyo huyo, akishirikiana na Pippa Ehrlich, aliongoza pia My Octopus Teacher, iliyoshinda Tuzo ya Oscar mwaka 2021. Humo Craig Foster anamtembelea pweza mmoja kila siku katika maji baridi ya False Bay, karibu na Cape Town, kwa karibu mwaka mzima. Kipimo changu kinaipitisha bila mjadala, ingawa bwana huyo hujizungumzia kuliko ninavyopenda.

Virunga, ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Orlando von Einsiedel, nayo iko Netflix, na mimi huipendekeza kwa kila mtu anayeishi upande huu wa magharibi. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, inapakana na nchi yetu, na Ziwa Edward tunaligawana. Filamu inaunganisha mambo matatu ambayo kila moja lingetosha kuwa filamu: walinzi wa hifadhi na gorila yatima wanaolelewa Rumangabo, uasi wa M23 wa mwaka 2012, na kampuni ya Uingereza ya SOCO iliyotaka kutafuta mafuta ndani ya hifadhi. Sehemu iliyonishika zaidi ni ile ambayo mwandishi wa habari Mélanie Gouby na mlinzi Rodrigue Katembo wanarekodi kwa kamera za siri mazungumzo ya watu wanaotaka kununua utiifu wa wengine. Mkuu wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi njiani kutoka Goma siku mbili tu kabla ya filamu kuonyeshwa kwa mara ya kwanza New York, Aprili 2014, akapona. Miezi miwili baadaye kampuni ilikubali kusitisha utafutaji wake. Mtazamaji wa Uganda, ambaye nchi yake ina mafuta katika bonde hilo hilo la ufa, hawezi kuitazama kama habari ya majirani tu.

Lakini kama ningeruhusiwa kupendekeza filamu moja peke yake, ningeiacha Virunga na kuitaja En route pour le milliard ya Dieudo Hamadi, ambayo kwa Kiingereza huitwa Downstream to Kinshasa. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana kwa siku sita ndani ya mji wa Kisangani, mji usio wa Uganda wala wa Rwanda, na raia wengi wakafa. Wengine walibaki bila miguu, bila mikono, bila watoto. Karibu miaka ishirini baadaye kikundi cha walionusurika kinapanda boti na kushuka Mto Kongo, safari ya zaidi ya kilomita 1,500 yenye mvua, njaa na maturubai yanayovuja, ili kwenda kuidai serikali yao huko Kinshasa fidia ambayo hawajaiona. Hamadi ni mzaliwa wa Kisangani. Hakuhitaji mkalimani, hakuhitaji kuelezwa vita hivyo vilikuwa nini, na kamera yake inakaa kwenye sakafu ya boti pamoja na magongo na sufuria. Katikati ya safari anaweka vipande vya mchezo wa kuigiza ambao walionusurika wenyewe wanaucheza jukwaani wakisimulia yaliyowapata, na hapo ndipo unapotambua kwamba watu hawa hawakumngoja mtu wa kamera aje kuwapa sauti.

Filamu hiyo ilichaguliwa katika orodha rasmi ya Cannes mwaka 2020, ya kwanza kutoka Kongo kupata heshima hiyo. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague iliiamuru Uganda kuilipa Kongo fidia ya madhara ya vita vyake nchini humo, dola milioni 325, katika mafungu matano ya kila mwaka ya dola milioni 65. Magazeti yetu yaliandika sana kuhusu kiasi hicho na namna hazina itakavyokipata. Kuhusu watu wa kwenye boti sikusoma neno. Filamu hiyo niliitazama pamoja na mzee mmoja muuza vitenge ambaye kwao ni Kisangani, akanyamaza karibu mwanzo hadi mwisho, ila mara moja aliniambia, "Mwalimu, hawa ni batu ya kwetu kabisa." Sikuwa na la kumjibu, na sidhani kwamba alitaka jibu.

Kuhusu historia yetu wenyewe, iko filamu ambayo inavunja kipimo changu waziwazi. Barbet Schroeder hakukaa Uganda miaka mitano, na aliyemtawala katika kila picha ni mwenye nchi mwenyewe, ndiyo maana akaiita Général Idi Amin Dada: Autoportrait, yaani picha ambayo Amin amejichora. Ilitoka mwaka 1974. Amin anapiga kodiani, anapanda mashua na kuwaonyesha wageni wanyama wa Mto Nile, anaigiza jeshi lake likiiteka Milima ya Golan kwa askari wachache na helikopta, na anacheka sana. Kisha tunaingia katika mkutano wa baraza la mawaziri, ambapo anamsema waziri wake wa mambo ya nje, Michael Ondoga, na msimulizi anatueleza kwamba baadaye mwili wa waziri huyo ulikutwa mtoni. Kuanzia hapo kicheko chote kilichotangulia kinageuka sura. Amin alipopata habari kwamba filamu iliyoonyeshwa Ulaya ilikuwa na sehemu asizozipenda, aliwazuia Wafaransa waliokuwa Kampala ndani ya hoteli mpaka Schroeder akazikata. Zilirudishwa baada ya utawala kuanguka. Wazee wetu wana yao ya kusimulia kuhusu miaka hiyo, na ningependa vijana waitazame wakiwa wamekaa karibu nao.

Bobi Wine: The People's President, ya Moses Bwayo na Christopher Sharp, ni kinyume chake: miaka mitano hivi ya kumfuata mwanamuziki aliyeingia bungeni mwaka 2017 na kugombea urais mwaka 2021. Ni filamu ya kwanza ya Uganda kuwania Tuzo ya Oscar, ambayo mwaka 2024 ilikwenda kwa filamu ya Ukraine, 20 Days in Mariupol. Bwayo alikamatwa na kujeruhiwa alipokuwa akiipiga, kisha akaihama nchi. Naisifu kwa ujasiri huo na kwa jinsi inavyomwonyesha mke wa mgombea, Barbie, kama mtu mwenye mawazo yake mwenyewe. Siisifu kwa usawa, maana inamtazama mhusika wake kwa macho ya rafiki, na mwenye kutaka kusikia hoja za upande wa pili atalazimika kuzitafuta kwingine. Imewekwa Disney+, huduma ambayo haikuletwa kwetu.

Hapa nieleze kipimo changu kilikotoka. Machi 2012 video ya dakika 30 iitwayo Kony 2012 ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya siku sita. Ilizungumza juu ya kaskazini ya Uganda wakati Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, na watu wake walikuwa wameshaondoka nchini miaka kadhaa kabla, na mwana wa mtengenezaji, mtoto mdogo wa Marekani, alipewa nafasi kubwa kuliko wenyeji. Ilipoonyeshwa hadharani mjini Lira, watu waliopoteza ndugu zao walikasirika mpaka mawe yakarushwa. Ukitaka kuona kaskazini hiyo hiyo ikitazamwa kwa heshima zaidi, tafuta War/Dance ya mwaka 2007, ya Sean Fine na Andrea Nix Fine, inayowafuata wanafunzi wa kambi ya wakimbizi wa ndani ya Patongo hadi mashindano ya kitaifa ya muziki na ngoma jijini Kampala. Picha zake ni nzuri kupita kiasi, na nyakati fulani watoto wanaonekana kupangwa mbele ya kamera wakiwa na machozi, jambo ambalo halinipendezi. Hata hivyo, mikono ya yule kijana mpiga marimba haikupangwa na mtu.

Kutoka Kenya nitataja chache. The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, inamfuata kijana wa Mombasa anayerudi kijijini baada ya kusikia kwamba bibi yake anatuhumiwa uchawi, na polepole tunatambua kwamba nyuma ya tuhuma kuna shamba. Imezungumzwa kwa Kiswahili na Kigiriama, na kwa mwanafunzi wa Kiswahili wa Uganda, ambaye lugha hii ameifahamu zaidi kutoka kwa askari na wafanyabiashara, kuisikia ikitumika katika ugomvi wa familia na katika sala ni elimu tosha. Thank You for the Rain ilitengenezwa na Julia Dahr pamoja na Kisilu Musya, mkulima wa Kitui ambaye alipewa kamera akapiga mwenyewe ukame, mafuriko na mabishano na mkewe, mpaka akafika kwenye mkutano wa tabianchi wa Paris mwaka 2015. Softie ya Sam Soko, juu ya mwanaharakati Boniface Mwangi na nyumba yake, nayo ni nzuri. Wanaopenda habari za kijasusi watazame The Ivory Game, iliyoko Netflix, ambayo sehemu yake kubwa ni msako wa jangili wa Tanzania aliyejulikana kwa jina la Shetani.

Sasa suala la gharama. Netflix iliingia kwetu Januari 2016, na tangu hapo serikali imetutoza mtandao kwa namna mbili: kwanza shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, kuanzia Julai 2018, kisha asilimia 12 juu ya data, kuanzia Julai 2021. Anayetumia bando la simu aingie kwenye mipangilio na kuchagua kiwango cha chini cha picha, ambacho hutumia takriban gigabaiti 0.3 kwa saa, wakati picha ya ubora wa juu inaweza kumeza gigabaiti 3 kwa saa hiyo hiyo. Kwenye kioo cha simu tofauti si kubwa. Ni vyema pia kupakua filamu usiku mtandao ukiwa mwepesi, kwa sababu umeme wetu mnaujua.

Jambo moja hunisumbua. Vibanda vyetu vya video vina watafsiri hodari, ma-VJ wanaozungumza juu ya filamu kwa Kiganda, na filamu ya Once Upon a Time in Uganda, ya Cathryne Czubek, juu ya Isaac Nabwana na studio yake ya Wakaliga, inaonyesha jinsi watazamaji wanavyofurahia sauti hiyo. Bado sijakuta kibanda ambacho VJ ametafsiri filamu ya hali halisi. Ile ya Kisangani ingefaa kuanzia, kwa Kiswahili na kwa Kiganda, na mwenye kibanda hapa Fort Portal atakayekubali kuijaribu Jumamosi moja anitafute shuleni. Muswada wa tafsiri ya Kiswahili nimeshaanza kuuandika.