Tulivyopata njia ya kusafisha ufukwe wetu Kunduchi

Kikundi chetu cha kusafisha ufukwe hapa Kunduchi, Dar es Salaam, kinafuata mwezi. Nalitanguliza hilo kwa sababu nimeona watu wengi wenye moyo wakija Jumamosi yoyote, wanahangaika juani, na baada ya siku chache ufukwe uko vilevile. Inauma kuona nguvu za watu zikipotea namna hiyo.

Aliyetupa siri ni mvuvi mzee wa hapahapa. Tulikwenda kumwamkia na kumweleza nia yetu, akasema: “Wanangu, msije maji mafu. Subirini bamvua lipite, mtaona lilichotupa.” Ndivyo ilivyo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani maji makubwa, ambayo hujaa mpaka kwenye mizizi ya mivinje na kuacha taka zote katika mstari mmoja huko juu. Siku zinazofuata maji hayafiki tena pale, kwa hiyo taka hukauka na kuwa nyepesi kubeba. Zile za maji mafu, yaani siku za katikati ambazo maji hupanda kidogo tu, ziko chini, na usipoziwahi bamvua lijalo litazihamisha. Basi tunatoka siku mbili tatu baada ya bamvua, saa mbili asubuhi, maji yakiwa yanatoka na jua halijawa kali.

Tunachokuta ni chupa za maji, ndala, nepi, vifungashio vya biskuti, vipande vya nyavu za nailoni, na vizibo visivyo na idadi. Vizibo huelea, ila chupa iliyofunguka na kujaa maji huzama, kwa hiyo kila kizibo ninachookota kinanikumbusha chupa iliyobaki huko chini. Mifuko ya rambo imepungua sana tangu ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na linanipa imani kuwa sheria ikisimamiwa inafanya kazi.

Mwani hatuugusi. Wageni wengine huuona ni uchafu, wakataka kuukwangua wote kwa reki. Mwani unashika mchanga na kuwalisha kaa na ndege, na sisi wa Kunduchi tumeshaona bahari ikila ardhi na majengo. Kwa hiyo tunainama na kuokota kwa mkono wenye glavu. Vipande vidogo tunavipitisha kwenye chekecheo la mafundi ujenzi, mchanga ukarudi chini palepale. Sindano haziguswi na watoto. Mtu mzima mmoja anatembea na dumu lenye mfuniko kwa ajili ya hizo tu.

Kazi iliyotuchosha kichwa kuliko zote ilikuwa kujua taka zinakwenda wapi. Kuchoma plastiki ufukweni ni kuwavutisha sumu akina mama wanaokaanga samaki jirani. Kuzifukia mchangani hakufai, maana bamvua lijalo litazifukua. Kwa hiyo hatutoki kabla hatujaelewana na serikali ya mtaa kuhusu siku ya gari la taka. Chupa tunazimwaga maji na mchanga, tunazikanyaga, na wanunuzi wa makopo wanazipima kwa kilo. Fedha hiyo inanunua glavu na viroba vya safari inayofuata. Nepi na vifungashio havina mnunuzi, hivyo ndivyo vinavyojaza gari.

Lakini taka nyingi hazitoki baharini. Mvua za masika zinaposhuka, mitaro na mito ya jiji, Msimbazi ukiwa mmoja wao, humimina baharini kila kilichotupwa mitaani tangu Pugu mpaka Upanga, kisha kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma mkondo unazisukuma kaskazini, huku kwetu. Wavuvi wetu ndio waliokuja na dawa: walishona nyavu kuukuu mara mbili na kuzifunga kwenye mdomo wa mtaro unaoteremka ufukweni. Wavu lazima usafishwe kabla mvua haijanyesha na mara tu inapokatika, la sivyo mtaro unaziba na maji yanaingia majumbani, kwa hiyo vijana wawili wanaoishi karibu wamepewa zamu hiyo. Kiroba kinachojaa pale mtaroni tunakijaza kwa dakika chache, wakati taka hizohizo zikishafika ufukweni hutumalizia asubuhi nzima.

Sasa tunazungumza na viongozi wa mitaa ya juu ili nao wafunge nyavu zao kabla ya vuli. Wawili wamekubali, na wavuvi wameshaanza kushona.