Siku moja manzukini Sikonge: kundi jipya na utitiri wake

Saa 11 alfajiri. Kuni, maji, uji. Mwezi wa kumi huku Sikonge, Tabora, kazi ya nguvu unaimaliza mapema, la sivyo jua linakumaliza wewe. Mvua bado, lakini miombo imeshachipua na maua yapo, na maua yakiwepo nyuki wanagawanyika. Juzi mchana kundi limeingia lenyewe kwenye mzinga niliopaka nta na kuutundika pembezoni mwa manzuki, yaani eneo la mizinga yangu. Leo nalikagua kama lina utitiri, vile vijidudu vinavyong'ang'ania nyuki.

Saa 1 asubuhi. Kijana wa kaka yangu, anayenisaidia tangu amalize kidato cha nne, kafika na simu mkononi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Umekunywa uji?"

"Bado. Shangazi, nimeona wenzetu Ulaya, kundi likishaingia tu wanalidondoshea asidi ya oksaliki. Utitiri wote chali. Kwa nini na sisi tusiagize?"

Nikamwambia kwanza anywe uji.

Njiani nilimjibu, kwa sababu swali lake lina akili. Utitiri wa varoa asili yake ni Asia, kwa nyuki wa kule, kisha ukahamia kwa nyuki hawa wetu wa asali. Afrika Kusini ulionekana mwaka 1997, na mwaka 2009 watafiti wakaukuta Kenya na hapa Tanzania. Jike lake hujipenyeza kwenye kitundu cha sega chenye jana, yaani mtoto wa nyuki, muda mfupi kabla nyuki hawajakifunika kwa nta, na humo ndani ndimo linamozalia. Kikishafunikwa, asidi haiufikii. Sasa kundi lililohama halina majana. Malkia akitaga leo, yai hukaa siku tatu, halafu jana hulishwa siku tano au sita ndipo lifunikwe. Katika hizo siku za mwanzo utitiri wote uko nje, umeng'ang'ania migongo na matumbo ya nyuki. Ndiyo maana wenzetu wanawahi. Na mimi nawahi, ila mimi nawahi kuuhesabu.

Saa 2 mpaka saa 5. Kufyeka majani chini ya mizinga, kupaka grisi kwenye waya ili siafu wasipande, kujaza maji kwenye beseni na kuweka vijiti nyuki wasizame. Mzinga mmoja una alama za kucha za nyegere. Tumeupandisha juu zaidi.

Saa 6 mchana. Saa hii hafungui mzinga mtu, labda awe anatafuta kukimbizwa mpaka barabarani. Tumekula ugali na mlenda, nikasaga sukari kwenye blenda ya jirani na kuichekecha mara mbili hadi ikawa laini kabisa, maana unga wake ndio unaofanya utitiri uwaachie nyuki tuuhesabu. Chupa ninayo: ya mdomo mpana, mfuniko nimeukata katikati nikaweka wavu ambao utitiri unapita lakini nyuki hapiti. Ukisikia mtu anakwambia kukagua varoa ni kazi ya wenye maabara, mwonyeshe hiyo chupa. Baada ya hapo nimelala kidogo, sioni aibu kusema.

Saa 11 jioni. Ovaroli, glavu, bomba la moshi. Moshi kidogo mlangoni, tukasubiri. Nyuki wetu hawana subira: kundi jipya ukilisumbua sana, kesho asubuhi unakuta mzinga mtupu na masega yametelekezwa. Kwa hiyo kila kitu kiwe tayari kabla ya kuinua kiunzi, ule mti unaoshika sega.

Nimeinua cha pembeni. Sega ni jipya, jeupe, linapitisha mwanga, na kwa joto hili ukiligeuza kidogo tu linakatika. Nimelishikilia wima, macho yanamtafuta malkia, maana akiingia kwenye chupa kwa bahati mbaya umejiharibia. Hayupo. Nikapitisha mdomo wa chupa kutoka chini kwenda juu kwenye rundo la nyuki, wakadondokea ndani kiasi cha nusu kikombe, ambao ni kama nyuki 300. Vijiko viwili vya sukari, mfuniko, tukaizungusha taratibu hadi wote wakawa weupe. Kiunzi nimekirudisha na mzinga nikaufunika. Dakika mbili chupa kivulini, kisha tukaigeuza na kuitikisa juu ya sahani nyeupe yenye maji.

Sukari ikayeyuka. Kijana akainama. Wakabaki wanne, wekundu wa kahawia, bapa, wapana kuliko walivyo warefu, kama kaa wadogo wa baharini.

"Si hawa hapa, shangazi!"

Ndio hao. Lakini wanne kwa nyuki 300 ni kama mmoja na kitu kwa mia. Marekani na Ulaya wengi hushtuka wakifika wawili au watatu kwa mia, na hapa hakuna wengine waliojificha chini ya nta, tumewaona kama walivyo. Nyuki wetu nao hawakai tu: wanajisafisha, wanatoana utitiri mwilini, na jana lenye kasoro wanalifumua na kulitupa. Kundi linaloweza kujitunza silimwagii dawa. Wapo watakaonipinga, hasa waliosomea, na asidi yenyewe si kitu kibaya ukiijua vipimo na ukavaa miwani na barakoa. Kwangu hatari kubwa zaidi ni hawa kuhama. Nikiona nyuki wengi wamezaliwa na mbawa zilizokunjamana, dalili ya utitiri kuwazidi, hapo nitabadili msimamo, na kundi hilo sitaligawa kuzalisha mengine.

Wale wa chupani tumewamwaga mlangoni. Wenzao wakaanza kuwalamba sukari.

Saa 2 usiku. Nimeandika daftarini: tarehe, mzinga, wanne. Sitaufungua tena mpaka masega yakomae. Kazi ya kijana ni kukaa mbali asubuhi na kutazama kama wanaingia na chavua miguuni. Ameuliza ile hela ya asidi basi aifanyie nini. Nimemwambia grisi inaisha, na waya wa ule mzinga wa nyegere ni mwembamba.