Shahidi wa mwaka 1331: ninavyotafuta vyanzo vya historia maktabani

Nafundisha Historia kidato cha tano na cha sita mkoani Lindi, na kuna jambo moja silegezi: mwanafunzi wangu hamalizi shule bila kusoma maneno ya shahidi mwenyewe. Madesa yana kazi yake mtihani unapokaribia. Lakini desa ni hitimisho la mtu mwingine, limeshatafunwa. Ukurasa wa Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco wa karne ya kumi na nne, ni wa mtu aliyefika, akaona, akasimulia, na ambaye unaweza kumbishia.

Alifika Kilwa mwaka 1331, baada ya kupita Mogadishu na Mombasa. Aliyoandika kuhusu pwani yetu ni machache, yanasomeka kwa kipindi kimoja. Anamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu, hata akaitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Anausifu mji kwa uzuri wake, kisha anasema majengo yake ni ya miti. Hapo darasa huchangamka. Wapo wanafunzi wanaotoka Kilwa Masoko, wamevuka kwa mashua hadi Kisiwani na kuushika kwa mikono yao ukuta wa matumbawe wa Msikiti Mkuu. Husuni Kubwa nayo, lile jumba la mawe juu ya bahari, wanaakiolojia wanalihusisha na sultani huyohuyo aliyempokea mgeni. Sasa mbona aseme miti? Tunarudi kwenye tarehe. Kitabu kilikamilika mwaka 1355 huko Morocco, yeye akisimulia na Ibn Juzayy akiandika. Miaka zaidi ya ishirini ilikuwa imepita. Wengine husema alisahau. Binti mmoja aliuliza kama nyumba za watu wa kawaida hazikuwa kweli za miti na udongo, na mimi naliona swali lake kuwa bora kuliko majibu mengi niliyowahi kusahihisha.

Walimu wenzangu huniuliza navipata wapi vitu hivi. Navipata maktabani, na njia yenyewe nilifundishwa na mkutubi mmoja mtu mzima pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mkusanyiko wa East Africana. Nilimwamkia, nikamwambia natafuta vitabu vya biashara ya Bahari ya Hindi. Akasema, "Mwalimu, usianze na mada, utazama. Chukua kitabu kimoja unachokiamini, soma tanbihi zake, kisha njoo uniulize walichosoma wao."

Tanbihi zilinipeleka kwenye kitabu cha G.S.P. Freeman-Grenville kilichotolewa mwaka 1962, mkusanyiko wa nyaraka za pwani ya Afrika Mashariki kwa Kiingereza, kuanzia karne ya kwanza hadi ya kumi na tisa. Shule ikiweza kupata kitabu kimoja tu cha vyanzo, mimi ningeomba hicho.

Ndani yake nilikuta mwaka 1505 kwa namna ambayo sikuwahi kuusoma shuleni. Kwenye noti nyingi ni mstari mmoja: Wareno waliiteka Kilwa. Humo kuna maelezo ya Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa katika msafara wa Francisco de Almeida, kamanda wa Wareno, akieleza Kilwa ilivyotekwa mwezi Julai na Mombasa ilivyochomwa mwezi Agosti. Kuna pia barua ya mfalme wa Mombasa kwa mfalme wa Malindi, akieleza mji ulivyoteketezwa na uvundo wa maiti ulivyomzuia kuingia. Darasa hunyamaza nikiisoma. Tukishatulia nawauliza: barua hii imetufikia kwa mikono ya nani? Imetufikia kupitia maandishi ya upande uliochoma mji.

Kwa hiyo tunahitaji sauti ya pili. Ipo tarehe ya Kilwa, yaani simulizi ya kale ya mji na watawala wake, kwa Kiarabu, ambayo nakala yake imehifadhiwa British Library, London, na maandishi yake yalichapishwa na S. Arthur Strong mwaka 1895. João de Barros, mwanahistoria wa Ureno, naye alitoa simulizi inayofanana nayo kwa Kireno mwaka 1552. Zote mbili zinasimulia kisiwa kununuliwa kwa nguo, lakini orodha za masultani hazilingani. Nawapa wanafunzi orodha hizo mbili bila maelezo na kuwaacha wachambue wenyewe.

Historia ya dunia naiingizia hapohapo. Dhahabu iliyoitajirisha Kilwa ilitoka nyanda za Zimbabwe kupitia Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji, na sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Almeida hakuja kwa bahati; Ureno ilitaka biashara ya viungo vya India na dhahabu hiyo. Mwanafunzi akianzia Kilwa, Lisbon ya Ureno na Calicut, bandari ya India, hazimpi shida.

Kwa walio mbali na Dar, tafsiri nyingi za zamani zimo bure kwenye tovuti ya Internet Archive, pamoja na matoleo ya Hakluyt Society, chama cha Uingereza kinachochapisha simulizi za wasafiri. Pakua lile lenye maelezo ya mhariri, maana bila hayo majina ya miji yatakupoteza. Jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936, nalo lina makala nyingi za Kilwa. Ulizia kwenye maktaba ya mkoa wako kabla hujasafiri.

Ukienda Dar, beba barua ya utambulisho kutoka kwa mkuu wa shule, na andika namba ya ukurasa kwenye kila kopi unayotoa kabla hujainuka mezani.